Mjadala: Kama ni hiari yake, mlango autafute wapi?

Mwenye hoja

Wenzangu, hapa Nairobi tukianza kuzungumzia biashara ya ngono, dakika ya pili tayari tuko kwenye dhambi. Hilo nawaachia wahubiri, wanaliweza. Langu ni hili: kuna mwanamke mzima aliyeamua mwenyewe, na kuna yule anayefanyishwa kazi akiwa amefungiwa. Tunawatofautisha vipi? Nasema tutazame mlango. Ufunguo uko kwa nani, nani anaamua mteja aingie au arudi zake, na M-Pesa inalia kwenye simu ya nani.

Wengi hudhani Kanuni ya Adhabu ya Kenya inamfunga mtu kwa kuuza ngono. Isomeni. Kifungu cha 153 kinamlenga mwanamume anayeishi kwa mapato ya ukahaba. Cha 154 ni mwanamke anayemwongoza kahaba kwa faida yake. Cha 156 ndicho chenye meno: anayeendesha danguro, mpangaji anayeruhusu chumba kitumike kwa kazi hiyo, hadi mwenye nyumba na wakala wake wakijua. Barabarani nako kuna sheria ndogo za jiji, unashikwa kwa kuzurura. Kwa hiyo anayesimama usiku Mtaa wa Koinange kungoja wateja ana kosa la barabara, na anayeingia ndani ana kosa la chumba. Mnataka afanyie kazi hewani?

Wala si jambo geni hapa. Nairobi ya mkoloni, mitaa kama Pumwani, kulikuwa na wanawake waliotembea barabarani na wengine waliokaa vyumbani mwao wakimngoja mteja abishe hodi. Waliokaa ndani walimuuzia hadi chai na maji ya kuoga, na baadhi yao walipata fedha za kujenga nyumba na kupangisha. Walikuwa wanamiliki mlango. Ndiyo maana nasema mahali pa kazi ni kiini cha hoja nzima.

Landilodi wa Zimmerman

Ndugu yangu, unaongea vizuri kwa sababu ploti si yako. Mimi nina familia zinazopanga, watoto wanacheza kwenye ngazi. Wageni wakipanda na kushuka saa nane usiku, keateka, mtunza ploti wangu, ananipigia simu, wapangaji wananipigia simu, na wewe mwenyewe umesema 156 inanifikia nikijua. Basi sitaki kujua. Nikisikia tu, nampa notisi. Si kwa chuki. Yeye akishahama, mimi sina kesi.

Dada wa Roysambu

Shikamoo mzee. Nitajibu mimi kwa sababu nyote mnanizungumzia mimi.

Nina miaka thelathini na kitu, nina mtoto, na sina meneja. Niwaeleze tunavyochagua pahali. Kumfuata mteja kwake inalipa zaidi, lakini hujui ndani kuna nani, geti likifungwa ni lake, na mlinzi anamjua yeye. Kwangu ninapolala? Hapana kabisa. Mteja akishajua nyumba yako amekushika, atarudi amelewa, atatishia kumwambia mwenye nyumba. Gesti za mjini ni chafu na chumba unakilipia kwa saa, ila kuna mtu mapokezi na ukuta ni mwembamba. Ukipiga kelele utasikika. Wengine mtacheka, lakini ukuta mwembamba ni usalama.

Halafu kuna hizi nyumba za kukodi kwa usiku mmoja. Mnakumbuka Januari 2024, wasichana wawili waliuawa katika nyumba za aina hiyo mwezi mmoja, na tarehe 27 wanawake wakaandamana. Sisemi walikuwa kwenye kazi yangu, nasema chumba ni kilekile: hakuna mapokezi, jirani ni mgeni kama wewe, na jina lililoandikwa huenda ni la uongo. Baadaye walinzi wengi wakaanza kuandika vitambulisho vya kila anayeingia. Wateja wangu waliudhika. Mimi nilifurahi, maana mtu aliyeacha kitambulisho getini huwa na adabu.

Nilipofika sasa ni bedsita, chumba kimoja cha kupanga, ambayo hakuna anayelala, tunailipa mimi na rafiki yangu. Mmoja akiwa na mteja, mwenzake yuko chini dukani na simu mkononi. Nambari ya mteja anayo, saa ya kumaliza anaijua. Sijawahi kuwa na mpango bora kuliko huo. Na kwa sheria yenu hilo ndilo danguro.

Mshauri wa Kayole

Dada, nakuheshimu na sikubishii maisha yako. Nambishia mwenye hoja na mlango wake. Nimekaa na wasichana ambao ufunguo wanao. Mmoja alikuwa na miaka kumi na sita, chumba kimelipwa na "mjomba" asiye mjomba, anatoka na kuingia apendavyo. Alikuwa huru? Mwingine pesa inaingia kwenye simu yake mwenyewe, jioni anaituma yote kwa mwanamume anayemwita mume. Kufuli liko kwenye deni, kwenye kipigo, kwenye picha zake ambazo mtu anatishia kuzisambaza. Huwezi kuliona ukisimama kwenye korido.

Na hata huyo aliyeamua, aliamua akiwa na nini mezani? Kodi imechelewa, mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo, kazi za nyumba hazilipi. Mimi ningeshtaki mnunuzi, kama Sweden ilivyofanya tangu 1999, na nimwache mwanamke.

Msomi wa sheria

Niweke jambo moja sawa, maana tunachanganya. Huyo wa miaka kumi na sita hayumo katika mjadala wa hiari hata kidogo. Ni mtoto, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamshughulikia aliyemlipia chumba. Kifungu cha 17 cha sheria hiyohiyo kinamkamata yeyote anayedhibiti kazi ya kahaba kwa faida, kwa hiyo "mume" wa jioni naye anaguswa. Kisha kuna Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya 2010: kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Na inasema wazi kwamba palipotumika vitisho, udanganyifu au nguvu, ridhaa ya mwathiriwa haihesabiki. Wasichana wa Nepal walioletwa kucheza vilabuni pasipoti zikiwa mikononi mwa mwajiri ni kesi za sheria hiyo.

Silaha dhidi ya mlazimishaji zipo, tena nzito. Sasa 156 inaongeza nini? Haiulizi kama kuna aliyelazimishwa. Inauliza chumba kilitumika kwa nini. Uingereza wana kituko chao: mwanamke mmoja peke yake kwenye fleti hana kosa, wakiwa wawili ni danguro. Yaani sheria inamlipa anayekaa peke yake na mgeni asiyemjua. New Zealand waligeuza sheria yao mwaka 2003: hadi wanne wanaweza kufanya kazi pamoja bila leseni ya danguro, mradi kila mmoja anadhibiti mapato yake.

Mshauri wa Kayole

Na nani atahakikisha kila mmoja anadhibiti mapato yake? Polisi wetu hawa?

Dada wa Roysambu

Swali zuri, mama. Lakini uliza pia nani anahakikisha sasa. Jirani yetu alikuwa msichana mwenye meneja. Simu zake anapokea meneja, bei anapanga meneja. Aliniambia hataki, anaogopa. Nilitaka kuripoti. Nikajiuliza nitajieleza vipi niko pale kila siku kufanya nini, katika chumba kisicho na kitanda cha kulala mtoto. Nikanyamaza mpaka akahamishwa. Mtu ambaye angemwona mapema zaidi ni mimi, na mdomo wangu umefungwa na kosa la bedsita.

Mwenye hoja

Mama wa Kayole, kwenye deni na vitisho nakubali mlango hauonyeshi kila kitu. Ila huo mfano wa Dada ndio ninaousimamia. Ukimshtaki mnunuzi, mnunuzi atakataa kuacha kitambulisho getini, na kile kidogo kinachomlinda kitapotea. Narudi kwa mzee: ingekuwa wanne kama New Zealand, kila mmoja na risiti zake, ungepangisha?

Landilodi wa Zimmerman

Sheria ikiniondolea kesi, nitafikiri. Lakini ploti yangu ina ngazi moja. Hao wanne wakae orofa gani?

Dada wa Roysambu

Ya chini kabisa, karibu na geti. Mteja hapiti mlangoni kwa watoto wa mtu, na mimi nikikimbia sihitaji ngazi. Hiyo ya chini huwa mnatoza zaidi, najua. Nitalipa.