Mpangilio wa Catan unaobadilika kila mchezo: je, ni haki kwa watoto?

Mama wa Ngamiani (Tanga)

Assalaam alaikum ndugu zangu. Shemeji yangu anayeishi Ujerumani alituletea Catan, mchezo wa ubaoni ambao namba ya dadu ikitoka, kipande chenye namba hiyo humpa mali (matofali, miti, kondoo, ngano au mawe ya madini) mwenye kijiji pembeni yake, naye hutumia mali hizo kujenga barabara na vijiji vingine; na siku hizi baada ya isha tunautandaza mkekani mimi, baba watoto, mwanangu wa kiume wa miaka 14 na mdogo wake wa kike wa miaka 10. Kinachonitatiza ni mpangilio wa mwanzo. Vile vipande 19 vya pembe sita tunavichanganya kifudifudi na kuvipanga upya kila mara, kisha tunaweka namba juu yake, na kuna usiku ambapo matofali yote huangukia namba zisizotoka, mtu akakaa muda mrefu hana hata cha kujengea barabara. Binti yangu anasema mshindi huwa ameshapatikana kabla dadu hazijatupwa. Je, tubaki na mpangilio mmoja tu, au ipo njia ya kuchanganya bila kumwonea mtu?

Mwalimu wa Hesabu (Chumbageni)

Waalaikum salaam, dada. Msiache kuchanganya, bali mfundishe binti kuusoma ubao. Chini ya kila namba kuna nukta, na nukta hizo zinaonyesha namba hiyo ina njia ngapi za kutokea. Dadu mbili zina matokeo 36: 6 na 8 kila moja hupatikana kwa njia tano, 5 na 9 kwa njia nne, ilhali 2 na 12 zina njia moja moja. Kabla hajaweka kijiji, aweke kidole pale vipande vitatu vinapokutana na ajumlishe nukta zake. Penye 6, 9 na 10 pana nukta 12, yaani kwa wastani atavuna mali moja kwa kila mitupo mitatu; penye 3, 11 na 12 pana nukta tano tu. Mtoto wa miaka 10 anaimudu hesabu hiyo bila kalamu.

Kuhusu matofali, miti, kondoo na ngano vina vipande vinne vinne, lakini matofali na mawe ya madini vina vitatu vitatu, na kinachobaki ni jangwa. Kwa kuwa barabara na kijiji vyote vinataka matofali, uhaba wake huwabana wote tangu mwanzo. Nyumbani kwangu tumekubaliana kwamba vipande vyote vitatu vya matofali vikipata namba za nukta moja au mbili, tunabadilishana namba ya kimoja kabla mtu yeyote hajachagua mahali. Hiyo si kanuni ya kitabuni, lakini imeondoa manung'uniko. Iliyomo kitabuni ni kwamba mkipanga namba kwa kubahatisha, zile nyekundu, yaani 6 na 8, zisipakane.

Mzee wa Bao (Bagamoyo)

Namheshimu mwalimu, ila mimi ubao mbaya ningeuacha ulivyo. Sisi tuliokulia kwenye bao la Kiswahili tumezoea kuanza sawa: kete sita katika shimo liitwalo nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuingiza ubaoni moja moja, hivyo aliyeshindwa hana pa kusingizia. Klaus Teuber, aliyeutoa mchezo huu mwaka 1995, alitafuta haki kwa njia nyingine: ubao hauna usawa, lakini zamu za kuchagua ndizo zinazosawazisha. Kijiji cha kwanza huwekwa kuanzia mchezaji wa kwanza hadi wa nne, na cha pili huanzia kwa wa nne kurudi hadi wa kwanza. Kwa hiyo wa nne huweka viwili mfululizo, na anaweza kuvipanga kama jozi, kimoja kikimpa kile ambacho kingine hakina. Mama, binti yako mpeni nafasi hiyo ya nne kwa muda, aone faida yake. Tena matofali yakiwa haba ndipo biashara inapochangamka, na mwenye nayo anaweza kudai kondoo wawili kwa tofali moja. Mkiuondoa uhaba, mmeondoa mazungumzo yote ya mezani, na mimi huo ndio utamu ninaoufuata.

Mama wa Ngamiani (Tanga)

Ahsanteni sana. Leo binti ataanza wa nne, na nukta nitamwonyesha kabla hatujachagua. Je, bandari nazo, zile sehemu za pwani za kubadilishia mali, tuzichanganye?

Mwalimu wa Hesabu (Chumbageni)

Kwa sasa ziacheni kama zilivyo katika kitabu, dada, hadi binti azoee kuhesabu nukta. Bandari ya mali moja, ile ya kutoa mbili upate moja, humfaa tu anayevuna mali hiyo kwa wingi. Asiyekuwa nayo afadhali ile ya kutoa tatu za aina moja, kwani bila bandari yoyote atalazimika kutoa nne.