Msaada: mfululizo wa picha za viatu vya kila siku (kandambili, katambuga, raba mtoni)

DirishaMoja:
Wakuu, habari za leo. Naandaa mfululizo wa picha 20 za viatu ambavyo watu wanavivaa kweli: kandambili, katambuga za tairi, raba mtoni, yeboyebo, gambuti. Vinakaa juu ya sakafu ya saruji, hakuna mtu kwenye picha. Nina Canon yenye lenzi ya 18-55, stendi ya miguu mitatu na dirisha moja kubwa. Flashi sina. Shida ni tatu: katambuga zinatoka doa jeusi, yeboyebo zinameta, na nikizipanga picha pamoja kila moja ina rangi yake. Nianzie wapi?

Fundi Lenzi:
Mkuu, anza na hilo la kutofanana, mengine yanakaa juu yake. Ukiiacha kamera ijipangie, inapima kiatu badala ya kupima mwanga. Raba nyeupe ikijaza fremu, itaifanya ya kijivu. Kiatu cheusi kikijaza, itaongeza mwanga mpaka sakafu ipauke. Weka M (unajipangia mwenyewe), ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/11 (upana wa tundu la lenzi), kisha pima shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, kwa kadi ya kijivu iliyolazwa pale pale kiatu kitakapokaa. Kadi hiyohiyo itumie kuweka mizani ya weupe, ili nyeupe itoke nyeupe kila picha. Wingu likipita, pima upya.

Zima taa ya dari hata kama chumba kinaonekana hafifu. Mwanga wa balbu na wa dirisha vikikutana, ubavu mmoja wa kiatu unakuwa wa njano na mwingine wa bluu, na hakuna marekebisho ya kompyuta yanayotibu pande zote mbili kwa mpigo.

Lenzi izungushe hadi mwisho, 55. Sababu mbili: 18 ukiwa karibu inavimbisha ncha ya kiatu, na pale mwisho ndipo utaweza kuirudisha lenzi kila mara bila kukisia. Kaa mita 1.3; kwa f/11 utapata kina cha ukali (eneo linalotoka kali, mbele hadi nyuma) cha kama sm 23, kinachotosha kiatu kilichokaa kimshazari. Weka alama za selotepu chini ya miguu ya stendi na nyuma ya kisigino. Shata itakuwa ya polepole, kwa hiyo tumia taima ya sekunde 2 na uzime kitulizi cha lenzi (kile cha kupunguza mtikisiko).

Binti_Makorora:
Kuhusu katambuga: tatizo si mwanga mdogo. Mpira mweusi hauonekani kwa mwanga unaoupokea, unaonekana kwa kile unachokiakisi. Kama mkabala wake kuna ukuta wa giza, utaakisi giza. Geuza kiatu mwanga uje kwa ubavu na chini chini, karibu ulingane na soli, halafu upande wa pili simamisha ubao mweupe (lile povu la kwenye boksi la friji linafaa kabisa) sm 30 hivi kutoka kwenye kiatu. Sogeza ubao taratibu huku unaangalia kwenye skrini; kuna mahali utaona mstari mweupe unatembea ukingoni mwa soli na meno ya tairi yanajitokeza. Hapo simama. Ukizidi kuusogeza karibu, kivuli kinakufa na kiatu kinaonekana kimebandikwa.

Yeboyebo ni kinyume. Zenyewe zinaakisi dirisha lote, ndiyo maana zinameta. Bandika treising pepa (karatasi inayopitisha mwanga) kwenye vioo vya dirisha ili ule mmeto uwe mpana na laini. Usiufute wote, plastiki bila mng'ao inafanana na udongo. Filta ya polaraiza (kioo cha mbele ya lenzi kinachopunguza mmeto) inasaidia pia, ila inakula mwanga kama stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu ni nusu ya mwanga), na haifanyi kitu kwenye vitundu vya chuma vya raba.

Mzee wa Kariakoo:
Kamba za kandambili kuukuu hulala. Zishikilie kwa uzi wa kuvulia samaki, unafutika kirahisi baadaye kwenye kompyuta. Raba zijaze magazeti, lakini mbele tu. Ukijaza mpaka juu zinakuwa kama za dukani. Na safisha kwanza, vumbi linaonekana mara kumi.

Binti_Makorora:
Hapo kwenye kusafisha napinga, shikamoo yako mzee. Puliza vumbi jipya na nywele, basi. Tope na alama ya vidole vya mguu ndiyo picha yenyewe. Walker Evans, mpiga picha wa Marekani, alipiga picha buti za mkulima wa pamba kule Alabama mwaka 1936 zikiwa chini kwenye udongo, wala hakuzipaka rangi.

Mzee wa Kariakoo:
Marahaba. Kwa mfululizo wako sawa. Mimi nilikuwa na picha za kuuza kichwani.

DirishaMoja:
Asanteni sana. Nimejaribu, katambuga zimeonekana! Ila gambuti inakatika juu. Nirudi nyuma kwa hiyo moja tu?

Fundi Lenzi:
Hapana, ukirudi kwa moja, kandambili ya mtoto itaonekana sawa na gambuti. Nilipaswa kuuliza kirefu kuliko vyote kabla ya kutaja umbali. Kwa mita 1.3, fremu ya kulala inabeba urefu wa sm 35 tu. Nenda mita 1.8, utapata karibu sm 49, na hapo f/8 inatosha, kwa hiyo muda wa shata unapungua nusu. Hamisha selotepu, pima kadi upya, kisha rudia zile ulizokwisha kupiga.