Nina pumu na usajili wa jeshi unakaribia, niseme ama ninyamaze?

kijana_kayole
Habari zenu watu wangu, naomba ushauri. Niko na miaka 22, nilimaliza fomu foo, urefu niko sawa, kilo niko sawa, meno yote yako. Tangu nikiwa mdogo nataka KDF, jeshi letu la Kenya, hata baba akiwa hai alikuwa ananiita afande. Shida ni kifua. Pumu ilinianza darasa la tatu na haijawahi kuisha kabisa, inaweza kunyamaza hata mwezi mzima lakini Julai baridi ikiingia ama jirani akiwasha jiko la makaa kwa korido, usiku nasikia kifua kinapiga miluzi kama kuna paka ndani. Natumia inhela ya bluu tu, kile kidude cha kuvuta dawa ya kufungua kifua.

Sasa kuna rafiki yangu ananiambia siku ya usajili nivute mara mbili nikiwa kwa matatu, nimwachie yeye inhela, nikimbie nimalize, daktari akiuliza niseme sijawahi ugua kitu. Mazoezi nafanya kila asubuhi na nakimbia vizuri, ni nikishasimama ndio kinabana. Niseme ukweli nikose ama ninyamaze niingie? Mama hajui nauliza hii.

mama_wawili_umoja
Mwanangu usifanye hivyo, nakuomba kama mzazi. Kijana wangu wa pili ana pumu. Kuna usiku ilimshika saa nane, nikachukua inhela nikaitikisa nikasikia ni nyepesi, imeisha na hatukujua. Mtoto amekaa kitandani ameshika magoti, kila akivuta pumzi ngozi ya katikati ya mbavu inaingia ndani, hawezi kumaliza sentensi, ananiambia "mama" halafu anapumzika ndio aseme ingine. Nikamfunga leso tukapanda boda, zahanati ya kwanza tukaambiwa mashine ya kuvutia dawa imefungiwa ofisini na mwenye funguo ameenda nyumbani. Tukaenda ya pili. Alipona, lakini tangu siku hiyo sikubali mtu aniambie pumu ni kitu ya kufichwa. Hapo tulikuwa Nairobi na boda ziko kila kona, wewe huko msituni utapanda nini?

bonnie254
Mimi naona anyamaze. Wangapi wameingia na shida zao na sasa wanakula mshahara? Kazi hakuna huku nje, tusimdanganye kijana.

mzee_mstaafu
@bonnie254 nakuelewa kuhusu kazi, nina vijana wawili nyumbani na vyeti vyao. Lakini mimi nilivaa hiyo nguo na nimeona mmoja aliyenyamaza. Alikuwa mkimbiaji mzuri kuliko wengi wetu. Asubuhi moja ya baridi tumemaliza kukimbia tumesimama mstari, akaanza kukohoa, tukadhani ni mafua. Dakika chache midomo imebadilika rangi. Hakuna aliyejua ana nini kwa sababu hakuwahi kusema, kwa hivyo wa kwanza kumfikia alimlaza chali, na mtu amekosa pumzi halazwi chali, anakalishwa. Aliishi lakini safari yake ya jeshi iliishia hapo, na aibu juu.

Na kijana ujue askari hayuko peke yake. Ukianguka doria kuna wawili watakubeba wewe na silaha yako na yao. Ukificha, hao ndio umewaficha.

nesi_eastlands
Kaka, hapo unasema nikisimama ndio kinabana umejieleza vizuri kuliko wagonjwa wengi. Ukikimbia unahema kwa mdomo, hewa baridi na kavu inakausha njia za hewa zinajikaza, na mara nyingi inashika zaidi dakika tano hadi kumi baada ya kusimama. Sasa makurutu wanafunzwa Eldoret, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, asubuhi huko unaijua. Bluu inafungua kifua masaa manne hadi sita hivi. Itakupitisha siku moja ya usajili, mafunzo ni miezi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba unatumia bluu peke yake tangu darasa la tatu. Bluu inalegeza misuli tu, uvimbe wa ndani unabaki. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unasema mtu mzima asitibiwe na bluu pekee. Enda kliniki uulize dawa ya kuvuta yenye steroidi ya kupunguza huo uvimbe, wengi wanaita ya kahawia, unavuta kila siku hata ukiwa mzima na unasukutua mdomo. Ukitibiwa vizuri miezi kadhaa ndio utajua kifua chako kiko wapi kweli.

Sikuahidi kitu, tangazo la KDF linataka mtu mwenye afya kamili na si Kenya pekee, hata Marekani ukiwa na pumu baada ya kufikisha miaka 13 unazuiwa mpaka upewe ruhusa maalum. Lakini pumu haijakunyima miguu. Paula Radcliffe, mkimbiaji wa Uingereza, ana pumu na alikimbia marathoni ya London 2003 kwa saa 2:15:25, rekodi ya dunia ya wanawake ikakaa mpaka Brigid Kosgei wetu alipoivunja Chicago 2019.

kijana_kayole
Asanteni sana. Nimesoma zote nikiwa kwa foleni ya kliniki, jana nilimwambia mama akanyamaza kidogo halafu akanipa nauli. Nimepuliza kile kidude cha kupima pumzi mara tatu, daktari amesema iko chini, nimepewa ya kahawia na nirudi baada ya mwezi. Usajili nitaenda nikiwa na karatasi zangu na nikiulizwa nitasema. Nimeambiwa inhela niiunganishe na chupa nivutie dawa humo lakini ile ya kununua sina pesa yake, mama wa Umoja wewe unatumia gani?

mama_wawili_umoja
Ya soda ya nusu lita mwanangu. Osha iache ikauke yenyewe. Chukua waya uukunje kwa umbo la mdomo wa inhela, uchome kwa moto, ubonyeze kwa kitako cha chupa mpaka pafunguke, inhela ikae imebana bila hewa kutoka. Tikisa, bonyeza mara moja, vuta polepole kwa ile shingo ya chupa, halafu ndio ubonyeze ya pili. Na andika kwa kalenda siku umeifungua, usingoje kuitikisa kama mimi.