Mtoto kaitwa shule ya bweni kwa sababu ya hoki ya barafuni. Masomo yatapona kweli?

BabaTumaini

Habari zenu wakuu. Naandika nikiwa kwenye benchi la bati, saa 12 asubuhi, blanketi magotini, kahawa imeshapoa. Mtoto yuko barafuni. Mimi ni mtu wa Machame. Barafu niliyoijua utotoni ilikuwa ile ya juu mlimani, tunaitazama kwa mbali tukienda shule, basi. Nani angeniambia nitakuja kuzeekea Minnesota nafunga kamba za viatu vya barafu.

Huyu ni mwanangu wa pili. Katimiza miaka 16 mwezi wa tisa, yuko darasa la 10, anacheza beki timu ya shule ya serikali ya hapa kwetu. Kiangazi alikwenda kwenye mashindano fulani, makocha wawili wakachukua namba yangu. Mmoja ni wa shule ya bweni ya New England, huko kaskazini-mashariki mwa Marekani, mwingine wa akademi ya hoki Kanada. Shule zenyewe sizitaji maana bado hatujajibu. Huyu wa New England anataka mtoto akifika arudie darasa la 10, ati huko ni kawaida. Hilo neno kurudia limemnyima mama yake usingizi wiki nzima. Kwetu mtoto akirudia darasa jambo hilo hufichwa hata kwa shangazi zake, leo tunaombwa tulipie.

Na kulipia kwenyewe, ada ya mwaka inapita dola 70,000. Mimi naendesha lori. Kocha anasema "msaada utakuwepo", lakini barua haisemi kiasi gani.

Mtoto hesabu anapata A, mengine B. Naogopa asije kufika miaka 20 ana goti bovu na cheti cha kuokoteza. Mliopitia, nisaidieni. Huko wanasoma, au vitabu ni vya kupigia picha?

MamaDauda

Baba Tumaini, salaam. Mie ni wa Mombasa, Kibokoni, sasa niko Massachusetts, nauguza zamu ya usiku. Mwanangu aliingia bweni huku New England mwaka 2022, darasa la 10, akamaliza 2025. Winga wa kushoto. Nakwambia niliyoyaona kwa macho yangu.

Kwanza, hao makocha wawili hawakuuzii kitu kimoja. Shule za New England za aina hii, hoki ni mchezo wa msimu. Inaanza mwisho wa Novemba, inaisha mwanzo wa Machi, na mechi nyingi huwa Jumatano na Jumamosi. Ndiyo maana Jumatano wanasoma nusu siku, na Jumamosi asubuhi wako darasani, hoki ni mchana. Machi ikifika barafu imekwisha, mtoto anasukumwa kwenye mchezo mwingine. Dauda wangu walimtia kwenye riadha, akarusha tufe vibaya miaka mitatu, na hakuna aliyejali. Akademi ni hadithi nyingine. Kule barafu ni tangu Septemba, mechi zinapita hamsini, safari ni za siku tatu nne. Wewe uko Minnesota, nenda Faribault ukaione Shattuck-St. Mary's, si mbali na St. Paul. Nyota wa hoki Sidney Crosby alipita pale, na Jonathan Toews, na Nathan MacKinnon. Hata kama hamna haja nayo, utaelewa maana ya shule iliyoamua kwamba hoki ni kazi.

Sasa masomo. Muhula wa kwanza wa baridi Dauda alipata C ya kemia. Mtoto ambaye Kibokoni bibi yake alimwita profesa! Nilimpigia simu kwenye mapumziko ya usiku, akanijibu, "Niko sawa, Mama." Nikamwuliza tena, "Niko sawa." Mara ya tatu nikanyamaza, maana mtoto wa kwetu akikupa "niko sawa" tatu kavukavu, basi yuko kwenye maji ya shingo. Kumbe Jumatano ile walicheza ugenini, basi likarudi saa 5 usiku, akaoga, akala mkate mkavu, na Alhamisi asubuhi jaribio la kemia. Na Jumamosi yake hivyo hivyo. Nilipompigia mwalimu mmoja akanambia, kwa upole kabisa, kwamba wachezaji wote wa hoki alama zao huteremka muhula wa baridi. Alisema kama mtu anayekupa habari ya hali ya hewa. Nilikasirika hadi nikaiweka simu chini.

Hoki yenyewe sikuilaumu. Kilichoniuma ni kwamba hakuna mtu aliyeziweka ratiba mbili juu ya meza moja akazitazama pamoja. Tulipoziweka, mimi, Dauda na mshauri wake, tukaona kemia ya muhula ule iliangukia kila Alhamisi saa 2 asubuhi. Akahamishiwa kundi la saa 6 mchana. Akapewa saa yake tupu kwenda kwa mwalimu wa msaada. Nami nikamnunulia taa ya kufunga kichwani, dola 12, kwa sababu taa za basi huzimwa wengine walale. Muhula uliofuata alipata B. Hakuna miujiza hapo.

Kwa hiyo mkienda kutembelea, barafu watakuonyesheni wenyewe, na chumba cha vyuma vya mazoezi, na picha za wazee wa zamani ukutani. Wewe omba kuonyeshwa siku ya baada ya mechi. Muulize kocha mbele ya mwanao: basi likirudi saa 5 usiku, asubuhi nani anajua kwamba huyu ana jaribio? Akikutajia jina la mtu, omba kumwona huyo mtu. Akikwambia "vijana wetu wanajipanga wenyewe", umeshajibiwa.

Prepo yao inaanza saa 2 usiku mpaka saa 4, simu zinakusanywa. Hilo nililipenda kuliko ubingwa.

Hela. Usilikubali neno skolashipu kutoka kinywani mwa kocha. Shule hizi za New England hutoa msaada kwa kuangalia kipato chenu, mnajaza fomu, mnatuma kodi zenu, na anayeamua ni ofisi, si kocha. Kocha anaweza kusema "namtaka huyu", basi. Maombi mengi hufungwa katikati ya Januari na majibu huja karibu na tarehe 10 Machi, kwa hiyo usikae mno. Halafu kuna hela ambazo hazimo kwenye barua: fimbo zinavunjika, na moja nzuri inazidi dola 250, viatu vinabana kila mwaka, na bweni hufungwa. Sikiza hapo, bweni hufungwa! Novemba kwa sikukuu yao, Desemba, na Machi wiki mbili. Mie niko saa moja kwa gari. Wewe utakata tiketi ya ndege kila mara.

Na hiyo ya kurudia, mwambie mama Tumaini asione haya. Wengi hurudia kweli, mtoto apate mwaka wa kunenepa kabla vyuo havijamtazama. Lakini ina mtego. Saa ya NCAA, wale wanaosimamia michezo ya vyuo Marekani, huanza siku mtoto anapoingia darasa la 9 na haisimami. Kwa Division I, ngazi yao ya juu, wanataka masomo ya msingi 16 ndani ya miaka minne tangu siku hiyo, na baada ya hapo unaongeza moja tu. Kumi kati ya hayo yawe yamekwisha kabla mwaka wa nne haujaanza, saba yakiwa ya Kiingereza, hesabu na sayansi. Wastani wa alama usiwe chini ya 2.3 kati ya 4. Tumaini akirudia la 10, kwa saa yao mwaka wa nne utamkuta yuko la 11. Mtoto wa chumba cha pili kwa Dauda aligundua amechelewa, ikabidi ale kiangazi kizima darasani. Mkubali kurudia baada ya kukaa na mtu wa masomo na orodha ya hayo 16 mkononi, si kabla.

La mwisho, halipo kwenye vitabu vyao. Ataangalia meza ya chakula na atakuwa peke yake mwenye rangi yake, pengine kwa siku nyingi. Dauda mwaka wa mwisho Ramadhani ilianza tarehe 1 Machi, wiki ya mechi za mtoano. Alifunga. Mpishi mmoja, mama wa Kireno, alimwekea sahani ya daku kwenye friji ya bweni kila usiku bila kuombwa. Shule nzima iliyojaa wataalamu, na aliyekumbuka ni yeye.

Golikipa31

Shikamoo Baba Tumaini, shikamoo Mama Dauda. Mimi mzaliwa wa Thika, nimekulia Calgary, nilicheza golikipa akademi ya Kanada miaka miwili. Mama Dauda amesema mengi ya kweli, naongeza ya upande wetu.

Kusoma tulisoma, lakini kusoma kwa basi. Kutoka uwanda wa Saskatchewan mpaka mji wenye timu nyingine ni saa nne, tano, nje ni theluji tupu. Kama unataka kujua maisha hayo, iko shule ya Notre Dame pale Wilcox, kijiji cha watu mia chache tu, na wametoka huko wachezaji wakubwa wa zamani akina Wendel Clark na Curtis Joseph. Si shule yangu, lakini tulicheza nao. Baridi ya huko inakufanya usome kwa kukosa pa kwenda, haha.

Jambo ambalo wazazi hawaulizi ni kichwa. Mwaka wa pili niligongwa, mtikisiko wa ubongo. Wiki sita bila hoki, na wiki tatu za kwanza bila skrini, bila kusoma zaidi ya dakika kumi. Fizikia yangu ilikufa hapo. Shule haikuwa na mpango wowote wa kunirudisha darasani polepole, ilikuwa na mpango mzuri sana wa kunirudisha golini. Baba, ulizeni hiyo kwa maandishi.

Pia mambo yamebadilika. Zamani ukicheza hata mechi moja ya ligi za CHL, zile kubwa za vijana za Kanada, yaani OHL, WHL na ile ya Quebec, NCAA ilikuhesabu umeshakuwa wa kulipwa, mlango umefungwa. Tarehe 7 Novemba 2024 walipiga kura kuufungua, kuanzia 1 Agosti 2025. Inasikika vizuri. Lakini fikiria: wale wakubwa wa CHL, wenye miaka 19 na 20, sasa wanagombea nafasi zile zile na mtoto wako anayetoka shule. Kocha wa chuo akiwa na nafasi 26 za timu, anaanza na nani? Kwa hiyo huyu mtoto wa A za hesabu, hizo A ndizo zitamwingiza mahali. Kuna vyuo vya Division III, na kuna vile vya Ivy League, vyuo vya zamani vyenye jina kubwa, ambavyo havitoi skolashipu ya michezo hata kidogo, na bado hoki inachezwa sana.

Mimi sasa nasoma uhasibu, nadaka Jumapili usiku na wazee wenye matumbo. Sijuti. Ila ningeulizwa tena, ningechagua ile ya mechi thelathini badala ya hamsini na tano.

MtaaWaSouthB

Mimi niko Nairobi, sina la kusema juu ya ada ila pole. Nataka tu mjue kwamba hata sisi tuko. Uwanja mdogo wa hoteli ya Panari, Mombasa Road, ndio uliozaa timu yetu ya hoki, Ice Lions. Mwaka 2018 Tim Hortons, wale wauza kahawa wa Kanada, waliwapeleka kwao wakacheza pamoja na Crosby na MacKinnon, hao hao ambao Mama Dauda ametaja shule yao. Na 2024 Kenya imeingia shirikisho la dunia, IIHF, kama mwanachama mshiriki. Tumaini akikosa timu ya Marekani tumtafutie baba yake uraia wa Kenya, beki tunahitaji.

BabaTumaini

South B, umenichekesha mpaka mama mmoja wa Kizungu hapa benchini kageuka. Uchagga wangu siuzi.

Mama Dauda, dada yangu, nimemsomea mke wangu maelezo yako yote, kwenye kurudia nikamsomea mara mbili. Kachukua kalamu, kaandika 16, 10, 7 kwenye mlango wa friji. Kijana Golikipa, marahaba, na asante kwa hiyo ya kichwa. Nilikuwa sijaiwaza kabisa.

Leo mchana nimempigia kocha wa New England. Nikamwuliza kama ulivyonifundisha: basi likirudi saa 5 usiku, asubuhi nani anajua? Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hilo ngoja nikuunganishe na mkuu wa bweni." Nimepangiwa Alhamisi. Wa Kanada nimemwuliza vilevile, kanitumia video ya chumba cha vyuma.

Mtoto mwenyewe hataki kusikia ya kuondoka kabla ya Machi, anataka timu ya shule yake ifike mashindano ya jimbo pale St. Paul. Sijui kama watafika, golikipa wao ana mafua.

Swali la mwisho, dogo: hizo glavu zinanuka. Gari langu lote linanuka. Bweni, chumba cha watu wawili, mliishije?

MamaDauda

Magazeti makavu ndani ya viatu na glavu kila usiku, na dirisha wazi hata Januari. Mwenzake wa chumbani alikuwa Mfini, hakuona baridi.