Liyongo aliuawa na jaala au na ulimi wake mwenyewe?

Wakuu, nimeusoma tena Utendi wa Fumo Liyongo, ule wa Muhamadi Kijumwa wa Lamu wa mwaka 1913, na safari hii umenikera. Miaka yote tunahadithiana kifo cha Liyongo kama ajali: mwana kahongwa, baba kalala, kwisha. Liandikwalo ndilo liwalo. Mimi nakataa.

Kwa aliyeisahau: Liyongo ni shujaa wa mji wa Shaka, mpiga upinde na mtunzi wa mashairi. Mfalme wa Pate anahofia kunyang'anywa kiti, anataka afe. Lakini hafi kwa silaha za kawaida. Kinachomuua ni kimoja tu, sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mfalme anamwita mwana wa Liyongo, anamwahidi uwaziri na kumwoza binti yake. Kijana anarudi kwa baba na kumuuliza: baba, wewe unauawa na nini? Na baba anamjibu.

Kitovu ni jaala, sibishi, maana hakukiomba. Lakini kitovu hakina mdomo. Na huyu si mjinga. Mfalme alishawahi kuwaahidi watu wa porini riali 100 wamuue. Wakamwekea mtego wa kula makoma, matunda ya mkoma, kwa zamu: leo apande huyu awaangulie wenziwe, kesho yule, ili zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu ya mti. Ilipofika hakupanda. Alisimama chini, akavuta upinde, akayaangua makoma kwa mshale. Mtu wa namna hiyo atashindwaje kuunusa mtego ulio wazi kama swali la mwanawe? Hakushindwa. Alitambua kijana katumwa, na bado akasema. Basi tusimsingizie Mungu. Nawasilisha.

Jibu:
Mleta mada, umehukumu haraka. Angalia mitego yenyewe inavyosogea. Kwanza watu wa porini. Halafu gereza: pale alimwagiza mama yake, kwa wimbo, amletee mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi wakala vyakula vizuri, ule wa wishwa wakamwachia mwenyewe. Akaomba ngoma kabla ya kuuawa, akakata pingu kelele zikiwa zimepamba moto. Akatoka. Sasa mtego wa tatu ni damu yake. Huo unaukwepa vipi? Amfukuze mwanawe? Amuue yeye kwanza? Kikulacho ki nguoni mwako, sawa, nguo unaweza kuvua. Mtoto huvui. Akili yote ile haikuwa na pa kupita. Kama hiyo si jaala basi neno hilo tulifute kabisa.

Jibu:
Na kijana je? Mnamzunguka tu. Alipopewa sindano aliogopa, akakawia, mpaka akaandikiwa barua ya kumhimiza kwamba harusi iko tayari. Anayehimizwa kwa barua ana muda wa kughairi. Halafu hakupata hata alichoahidiwa.

Jibu:
Naomba niingie na Mgiriki, halafu nitoke. Oedipus alitabiriwa kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Akakimbia Korintho ili yasitimie, na miguu ile ile ikampeleka njia panda alikogombana na mzee asiyemjua akamuua, kumbe ndiye baba yake. Huyo hakujua, kwa hiyo ukimlaumu unamwonea. Lakini hakuna mtabiri aliyemwamuru ajitoboe macho. Sophocles, mtunzi wa tamthilia yake, anamfanya aseme mwenyewe: mateso yameletwa na Apollo, ila mkono uliopiga ni wangu. Kwa hiyo, mleta mada, unatafuta hatia mahali pasipo pake. Usitazame lile jibu alilompa mwanawe. Tazama kisimani. Liyongo kachomwa usingizini, sindano iko kitovuni, mwana keshakimbia. Anaamka, anachukua upinde, anakwenda karibu na kisima, anapiga goti, anatia mshale na kuuvuta, anakufa vile vile. Hakuna aliyempangia lile goti.

Mleta mada:
Huyu wa kisimani kanigusa, na nikiri kosa kwenye kichwa cha mada. Ulimi huteleza, na Liyongo hakuteleza. Nilichoita uropokaji kilikuwa uamuzi: afadhali afe baba wa mwana aliyemwuliza kuliko aishi akimkagua mwanawe mikononi kila jioni. Hata hivyo mkuu wa jibu la kwanza hajaninyamazisha. Njia ilikuwepo. Angeweza kudanganya. Neno moja tu, "risasi", au "sumu", na kijana angerudi Pate na jibu la uongo. Shujaa aliyemlaghai mfalme kwa mkate alishindwa kumlaghai mtoto, na kushindwa huko mimi nakuita kwake, sikuiti jaala.

Ila kuna jambo sote tumelipita. Watu wa mji waliacha kuteka maji kwa sababu ya yule mtu aliyepiga goti, wakidhani yu hai na amekasirika. Wakamwendea mama yake awasaidie. Bibi akaenda pale, akasimama mbali, akamwimbia mwanawe ili hasira zishuke, naye hajibu. Huyu ndiye aliyeoka mkate ule wa wishwa. Wanaosema jaala na wanaosema hatia, wote wawili, hebu waniambie wangemweleza nini alipokuwa akiimba.