Sindano ya seli shina kwa moyo: ipigwe marufuku au mgonjwa ajiamulie?

Mzee wa Kondele: Jirani yangu moyo umechoka. Miguu imevimba, akipanda ngazi mbili anahema. Kaka yake ameona kliniki ya ng'ambo ikitangaza sindano ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, eti inaotesha mishipa mipya ya damu. Wanataka kuuza shamba. Serikali izuie matangazo haya, au mtu mzima aachwe na pesa zake?

Nyar Ahero: Izuie. Mimi ni nesi. Mwaka 2001 mtafiti Piero Anversa na wenzake walidai seli za uboho zimegeuka misuli ya moyo ndani ya panya. Dunia ikashangilia, wagonjwa wakaanza kudungwa. 2018 Chuo Kikuu cha Harvard kikaomba makala 31 za maabara ya Anversa ziondolewe kwa data za kughushi.

Mwanafunzi Maseno: Sista, mwizi mmoja hafungishi soko. Mtafiti Mjapani Yamanaka alirudisha seli za kawaida za panya utotoni, zikawa kama seli shina, mwaka 2006, akapata Nobeli 2012. Osaka, Japani, walishambandika mgonjwa moyoni utando wa seli za namna hiyo, mwembamba kama ganda la kitunguu, mwaka 2020.

Nyar Ahero: Ndani ya majaribio, chini ya uangalizi. Siyo dukani! Seli nyingi zinazodungwa hupotea baada ya siku chache. Zinachoacha ni kemikali za kuchochea mishipa midogo, na faida iliyopimwa kwa watu hadi sasa ni ndogo.

Boda Nyalenda: Nyinyi mna bima ndiyo maana mnangoja majaribio. Anayekufa hangoji. Mkifunga huo mlango ataenda kwa mganga, na huyo hata hatangazi.

(Hapo Boda amenigusa, nakiri. Nimekaa na hilo swali tangu asubuhi. — Mzee wa Kondele)

Nyar Ahero: Mzee, huyo jirani ana miaka mingapi? Waliambiwa shida ni mishipa au valvu, vile vilango vya ndani ya moyo?

Mzee wa Kondele: 34. Valvu. Utotoni koo lilikuwa likimsumbua sana, viungo vikivimba.

Nyar Ahero: Basi hiyo inafanana na homa ya baridi yabisi ya moyo. Koo lisilotibiwa, mwili unashambulia valvu, inakakamaa. Hata sindano ile ingekuwa ya kweli kabisa, mishipa mipya haifungui valvu iliyokakamaa. Huyo anahitaji daktari wa upasuaji wa moyo, na aulizwe kama anadungwa penisilini kila wiki tatu au nne.

Mwanafunzi Maseno: Hapo sina neno.

Boda Nyalenda: Mimi ninalo: upasuaji wenyewe ni pesa ngapi?

Mzee wa Kondele: Tutauliza. Kwanza nimpigie kaka yake. Broka wa shamba anakuja Jumamosi.