Mjadala: Dinosaria wa Rukwa wajengewe makumbusho Mbeya mjini?

Mwana wa Uyole: Wakuu salaam. Bonde la Rukwa limeshatoa titanosauri watatu, wale dinosaria wakubwa wa shingo ndefu: Rukwatitan (2014), Shingopana (2017), Mnyamawamtuka (2019). Watoto wetu hawamjui hata mmoja. Tujenge makumbusho mjini, mlangoni tuweke sanamu ya yule mwenye mdomo wa bata, maana ndiye wanayempenda kwenye katuni. Mnasemaje?

Mwalimu Tukuyu: Mdomo wa bata atoke wapi, ndugu yangu? Hao ni wa Marekani, Kanada, China huko. Afrika wa kwanza katangazwa 2020, tena wa Moroko, katoka kwenye migodi ya fosfeti. Wetu ni wa shingo ndefu.

Mwana wa Uyole: Mwalimu, sanamu ni ya kuvutia watoto tu.

Mwalimu Tukuyu: Uwavutie kwa uongo, halafu waje kubishana nami darasani? Yule wa bata ana mamia ya meno nyuma ya mdomo, anasaga. Titanosauri anachuma na kumeza. Ni wanyama wawili tofauti!

Binti Galula: Mnagombea sanamu huku mali ya watu mmeshaibeba. Galula, mifupa ilikotoka, iko Songwe. Mkoa ulitengwa na Mbeya 2016, mmesahau?

Mwana wa Uyole: Dada, mifupa ina zaidi ya miaka milioni 70. Ilikuwa na mkoa gani?

Binti Galula: Kwa hiyo Songwe si kitu? Kimondo cha Mbozi, tani 16, kipo palepale Ndolezi na watu wanakifuata. Mifupa nayo ifuatwe.

Kijana wa Ludewa: Dada kasema kweli. Sisi wa bonde la Ruhuhu tuna Nyasasaurus, Mwingereza Parrington alimchimba miaka ya 1930, ana miaka milioni 240 hivi, huenda ndiye dinosaria mkongwe kuliko wote. Yuko London! Fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, lilirudi kutoka Ujerumani 1954 likawekwa Kalenga, kwao. Mfano tunao.

Mzee wa Kalenga: Kijana, unamfananisha Mtwa na mijusi?

Kijana wa Ludewa: Shikamoo baba. Nimetaja kurudishwa tu.

Mzee wa Kalenga: Marahaba. Lile ni kaburi la vita, watu walikufa. Mifupa yenu ipelekeni mtakako, Mtwa msimguse.

Binti Galula: Baba, hata sisi ardhi ile ni ya babu zetu. Wachimbaji wamekuja miaka yote hiyo, kijijini hakuna hata kibao cha kuonyesha mahali.

Mwana wa Uyole: Kibao nakubali. Makumbusho bado nasema mjini, ndiko barabara ilipo.

Binti Galula: Basi dai barabara ije Galula.